Deraya ya Darlene

Darlene Hruska alikuwa mratibu wa usalama wa kaunti moja ya mahindi huko Nebraska, Marekani, ambako gaidi angepotea njia kabla hajafika. Serikali kuu ilitoa fedha za kupambana na ugaidi tu, na zisipotumika zinarudi. Basi mwenyekiti wa kaunti na wenzake wakanunua gari la deraya, lile la kivita lisilopenya risasi, wakalilaza ndani ya banda la magari kama bibi harusi. Gari la zimamoto likatupwa nje kwenye theluji, ingawa Darlene aliwaonya.

Januari, banda likashika moto. Darlene akakimbilia gari la zimamoto, akakuta pampu imeganda kama jiwe. Deraya ikateketea huku wote wanatazama.

"Mwenyekiti, si niliwaambia? Sasa niombe gari la zimamoto?"

"Hilo hawatoi, mama. Omba deraya nyingine. Si unaona tulivyo hatarini?"