Zawadi ya Kujua Saba Mara Nane

Enzi zetu, ukijibu swali ukapatia, zawadi yako ilikuwa kumpiga mwenzako. Sitanii. Ninyi mliosoma huku Nachingwea, miaka ile ya kwenda shule peku na fagio la chelewa mkononi, mnakumbuka. Mwalimu wa hesabu anauliza, dawati zima linakosa, wewe unapata. Basi unaambiwa, "Haya, wapige konzi moja moja." Hiyo ndiyo ilikuwa hongera yetu.

Kutoka kijijini kwetu Marambo nilikuwa naongozana na rafiki yangu Somoe, tuliyekaa naye dawati moja. Tunapita kwenye mikorosho tukinyonya mabibo, maji yake yanachuruzika kwenye shati jeupe na doa lile halitoki kwa sabuni yoyote. Somoe alibeba muhogo wa kuchoma, anaukata katikati, ncha iliyoungua ananipa mimi kwa sababu alijua naipenda. Nyumbani mama alishatuonya: "Ukichapwa huko usije kuniambia, nitakuongezea." Na alikuwa mkweli, aliongeza.

Siku moja, nadhani darasa la tatu, au la nne, sina uhakika, mwalimu akauliza saba mara nane. Dawati letu wakakosa wote. Mimi nikasema hamsini na sita. Furaha ile ilidumu mpaka aliposema, "Wapige." Wale wengine niliwapiga, sitaficha, na mmoja nilimpiga kwa raha. Nilipofika kwa Somoe nikamgusa tu, kama mtu anayepapasa papai kujua limeiva.

"Hilo ndilo konzi?" mwalimu akauliza, akanionyesha kwenye kichwa changu mwenyewe. Nikarudia. Somoe akatoa machozi.

Kurudi nyumbani alitangulia mbele, akala muhogo peke yake, ncha zote mbili. Kesho yake nikaulizwa tebo ya tisa. Ninaijua. Nikasema, "Sijui, mwalimu." Nikapigwa konzi na mwenzangu, nikakaa. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka darasa la saba. Somoe hakunigawia tena.

Kwa haki niseme, mwalimu yule alikuwa na lundo la watoto na kitabu kimoja, na saba mara nane sijaisahau mpaka leo. Labda konzi ndilo lililoikaza. Labda lilikaza na mdomo.

Sasa mwaka huu nimekwenda Ruangwa, upande wa Nandagala, siku ya wazazi shuleni kwa mjukuu wangu Zuhura. Mwalimu wao binti mdogo, wanamwita Madam. Mtoto akisimama, makofi. Akikaa, makofi. Nikawaza, hapa mtu akipiga chafya atapewa zawadi.

Madam akauliza, saba mara nane? Akasimama Kabula, mtoto wa wafugaji waliohamia juzi juzi kutoka Kanda ya Ziwa. "Hamsini na nne!"

"Umekaribia! Mpigieni makofi ya mvua!" Wakapiga kwa kidole kimoja, viwili, mpaka kiganja kizima, darasa likanguruma kama masika.

Nikamnong'oneza mama aliyekaa jirani yangu, "Anasifiwa kwa kukosa?"

"Nyamaza, bi mkubwa, ndiyo siku hizi."

Mvua haijakatika, Kabula kanyoosha tena mkono. "Hamsini na tano, Madam!" Amekosa tena. Mvua nyingine.

"Haya, tuwaulize wazazi," Madam akasema. Wazazi tukatazama viatu vyetu. Mkono wangu nikauficha ndani ya kanga, lakini Zuhura ananiangalia, hapepesi. "Bibi anajua! Bibi, sema!"

Niliona nikikaa kimya nitamfundisha mtoto kukaa kimya. Nikasimama. "Hamsini na sita... nadhani."

"Makofi ya kilo kwa Bibi!"

Mikono ya darasa zima ikanyanyuka kwa pamoja, tayari kushuka na kofi moja zito. Na mimi nikainama, nikafunika kichwa.

Njiani Zuhura akaniuliza, "Bibi, umepatia, mbona ulijificha?" Nikasema vumbi liliniingia machoni.

Enzi zetu tulijua jibu tukalinyamazia. Hawa wa leo wanalitamka kabla hawajalijua, na bado wanapigiwa makofi. Naona wanadekezwa, na nitasema hivyo kwa yeyote. Lakini nikiwaza Kabula alivyonyoosha mkono mara ya pili, najiuliza, kama nasi tungepigiwa makofi, mimi na Somoe tungekula muhogo pamoja mpaka darasa la ngapi.