Bluma na Kibanda cha Mdogo Wake

Bluma Fogelman alikuwa na kibanda cha turubai la bluu na mabomba ya chuma, na kwa miaka mingi nusu ya mtaa wetu, hapa kaskazini mwa Toronto, ilikula humo wakati wa Sikukuu ya Vibanda, siku zile sisi Wayahudi tunapokula nje vibandani. Upepo ulipenya kila kona na mabenchi yalichana soksi za watu, lakini kabichi yake iliyojazwa nyama iliwasahaulisha yote. Alikisimamisha yeye na mumewe Mendel, wawili tu, kila mwaka wakigombana juu ya kamba.

Mwaka huo mdogo wake Tirza alirudi kutoka ng'ambo, sasa ni msanifu wa majengo, na sinagogi ikampa uwanja ajenge kibanda cha kisasa. Akapinda mbao nyembamba kama mbavu, akasuka kuta za kamba nyeupe zinazopitisha mwanga. Juu, badala ya matawi, akatandaza mizabibu aliyoipandisha tangu theluji ilipoyeyuka. Watu wakawa wanasimamisha magari wapige picha.

"Umekiona cha mdogo wako?" mwuza mikate alimwuliza Bluma.

"Nimekiona. Tenga la kuku."

Duka zima likacheka. Bluma alicheka pia, huku kifua kinamwaka.

Kilichomuuma hasa ni mama yao, Bi Henia, aliyekuwa akiishi kwake. "Bluma, mwaka huu tukale kwa mwenzio. Mtoto kahangaika."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nacheza, Mama?"

"Aa, wewe si upo siku zote."

Wiki moja kabla ya sikukuu Bluma akaenda kutazama. Aliinua macho kwenye paa, akaona jambo ambalo hata watoto wetu wanalijua: paa la kibanda ni la majani yaliyokatwa, na mmea ulio hai, wenye mizizi ardhini, haufai. Tirza alikaa mbali mno, akasahau. Rabi alionyeshwa mchoro tu. Bluma akafungua mdomo aseme.

"Dada, si pazuri?" Tirza alimkumbatia. "Safari hii wewe pumzika. Wageni wote niachie mimi."

Bluma akaumeza ulimi. "Pazuri sana," alisema, akarudi nyumbani.

Jioni ya kuingia sikukuu, meza zimeshatandikwa, Bluma alifika na mama yake na sufuria mkononi. Akapaza sauti: "Rabi, hii mizabibu mbona bado ina mizizi?"

Rabi Lifschitz akatazama juu. Uso ukamshuka. "Tirza, hukuikata?"

Tirza akashika shavu. Kisha akamgeukia dada yake. "Umejua lini?"

"Nimeona sasa hivi."

"Sasa hivi?" Bi Henia akadakia. "Wiki nzima unacheka peke yako jikoni, nikadhani umepata mjukuu."

Rabi akasema muda upo, ila haba: mashina yakatwe, halafu kila tawi liinuliwe na kulazwa upya. Tirza alichukua mkasi wa bustani, akakata kazi yake ya miezi. Ngazi zikaletwa. Mwuza mikate akapanda na suti yake ya sikukuu, akina mama wakavua viatu wakapanda, mtu akaanzisha wimbo. "Hili langu!" "Wewe, hilo nimelilaza mimi!"

Bluma alisimama na sufuria yake. Alitaka kibanda kile kimwaibishe Tirza, na sasa kila mtu alikuwa na tawi lake ndani yake. Cha kwake hakuna aliyewahi kukipandia ngazi. Na hakuna aliyemwita.

Walipoketi, Tirza akamsogezea kiti. "Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini, dada?"

"Uliniambia nipumzike," Bluma alisema. "Kama mtumishi aliyezeeka."

Tirza alichota kabichi, akala, akachota tena, naye Bluma akamwangalia anavyokula. Kila mgeni alipoingia akatazama juu na kushangaa, Bluma alihisi kama amefinywa.

Siku ya tatu majani yalinyauka, yakaanza kudondokea kwenye mabakuli ya supu. Tirza aliyaokota na macho mekundu. Bluma alimsaidia kuyaokota, moja moja, akiona haya kwa jinsi alivyofurahi.