Posa ya Chole: kujua kuongea na watu ni akili, au ni mdomo tu?

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili limenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni Mnyamwezi, miaka arobaini na kitu, elimu form four. Nimeishi Tabora, Moshi, Mtwara, Kisarawe mjini, na sasa nipo Visiga, Kibaha. Kila mji nilioondoka bado naukumbuka, hadi watu wake wanavyosalimiana. Ndugu zangu wanasema nimezunguka nchi nzima na sijarudi na fani yoyote. Huwa siwabishii.

Mwaka huu jirani yangu Baba Elia, Mpare, aliniomba niwasindikize Chole, kule Kisarawe, kwenda kumposea mwanawe. Binti anaitwa Neema, Mzaramo. Pande zote ni Walutheri na vijana wanapendana, kwa hiyo hatukutegemea tatizo. Mimi nilichukuliwa kwa sababu njia ya kule naijua, basi.

Tukapokewa vizuri, tukapewa soda.

Msemaji wetu alikuwa kaka yake Baba Elia, mtu wa kupangilia maneno. Akamgeukia baba yake Neema, akaongea naye yeye tu mwanzo mwisho.

Mimi nilikuwa namwangalia mzee mmoja karibu na mlango. Ni mjomba wa Neema, kaka yake mama. Soda yake hakuifungua.

Kwa wasiojua: kwa Wazaramo, mjomba kwenye posa si mgeni mwalikwa. Mtoto wa dada yake ni wake pia.

Msemaji alipomaliza, mjomba akasimama.

"Naona mmeshaelewana na shemeji yangu. Basi muoeni yeye."

Msemaji wetu akaanza kueleza upya, maneno yale yale, sauti juu zaidi. Mjomba akatoka nje.

Baba yake Neema akasema kwa upole, "Wageni wetu, bila yeye mimi siwezi kuendelea."

Baba Elia akaanza kutafuta viatu vyake. Posa ilikuwa imekufa.

Nikaomba ruhusa, nikamfuata mjomba uani. Sikuanza na samahani. Mtu aliyekasirika vile, ukimlundikia heshima anazidi kukaza. Ila Mnyamwezi na Mzaramo ni watani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na wewe Mpare?"

"Mnyamwezi."

Akanigeukia mzima mzima. "Alaa! Babu zenu walipita huku na mizigo kichwani, wakatumalizia kuku."

"Njaa, mjomba. Mliwaficha ubwabwa."

"Nyie mngeshiba lini?"

"Hatujashiba mpaka leo. Ndiyo maana tumerudi, safari hii mzigo ni Wapare."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alipotulia nikamwambia taratibu, "Wenzangu hawa, kwao mwenye neno ni baba. Wamebisha mlango waliouzoea. Tuelekeze wa kwako."

Akafikiri kidogo. "Watoke nje wote. Wapige hodi upya. Nitawafungulia mimi."

Basi tukatoka, watu wazima na suti zetu, tukapiga hodi kwenye nyumba ambamo tulikuwa tumeshakunywa soda. Mjomba akafungua. Msemaji akaanza na yeye. Posa ikapokelewa.

Sasa wakuu, shuleni hesabu zilinishinda na nikajiweka kwenye kundi la wasio na akili. Nimekaa humo miaka mingi bila kuuliza. Lakini kujua nani hajasemeshwa, na wakati gani heshima ikae pembeni utani uingie, kumbe nako ni kupiga hesabu. Hesabu hiyo nimeiokota huko huko nilikozurura.

Sijivuni. Mama watoto anasema nikifika nyumbani nakuwa bubu, na hilo sijalipatia dawa.

Nilichojifunza: kabla sijafungua mdomo, natafuta kwanza nani kwenye chumba hajaongeleshwa.

Nyie mnaionaje? Ni akili kweli au nilibahatisha? Na wale ambao posa zenu zilivunjika mlangoni, karibuni mtueleze nani alisahauliwa.