Mama Amechomoa Tena

Mimi nafundisha Mikumi. Mama anaishi peke yake Kilosa, kule Mabwerebwere, na mto hauko mbali. Ana magoti mabovu na ubishi mzima. Maji yakija ghafla hawezi kukimbia, na kuhama hataki. Ndiyo maana nilimwekea sebuleni kompyuta yangu ya zamani, nikavuta waya wenye boya la kupima maji hadi kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Kila nusu saa kompyuta ilinitumia arifa kwenye simu: "Maji yako chini." Yakipanda, simu ingepiga kelele, nami ningempigia jirani amtoe mama.

Huduma za bure za kutuma arifa zipo mtandaoni. Nilizikataa. Nilitaka seva yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yetu, nisimtegemee mtu. Kiburi hicho kilinigharimu wikiendi nne: leo programu inagoma, kesho anwani ya intaneti imejibadilisha yenyewe, keshokutwa simu inapokea arifa ya jana. Ilipokubali, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mvua ya kwanza ikanyesha, arifa zikakatika.

Nikampigia mama huku nimekunja ndita. Lakini kwetu, uwe na hasira kiasi gani, shikamoo inatangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mama, kompyuta imezimika?"

"Nimeichomoa. Radi zinapiga huku."

Yaani! Mashine ya kuchunga mvua inazimwa kwa sababu ya mvua. Mama yangu, wingu likinguruma tu, huchomoa televisheni, friji na redio, hufunika kioo kwa kanga, kisha hukaa kimya hadi radi zipite. Nilimweleza. Akasema, "Nimekuelewa," na kesho yake akachomoa. Nikabandika karatasi: USICHOMOE. Akachomoa. Nikanunua betri ya akiba. Umeme ulipokatika ikaanza kulia, akaizima nayo, eti inaita radi. Nilimwambia mke wangu sikio la kufa halisikii dawa, na nilikuwa na hasira kwelikweli. Mwishowe nikachoka. Arifa zikikatika nilisema tu, mama amechomoa tena, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Jumanne moja mchana yule jirani alinipigia kwa shida zake, lakini sikumsikia vizuri kwa ngurumo za huko.

"Radi za leo si mchezo!" alipaza sauti.

Hapohapo simu ikatetema sikioni mwangu. Nikaitazama. "Maji yako chini."

Ndiyo arifa niliyoigombania miezi yote ile, imekuja katikati ya radi.

"Kaka, kimbia kwa mama," nikamwambia. "Hajachomoa."

Nikampigia mama. Simu iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikakatika tena. Nusu saa ikatimia, na arifa nyingine haikuja.

Kisha jirani akapiga. Alikuwa amemkuta mama ameanguka uani, mguu umevunjika, amelowa chapachapa, ila anaongea. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeshafika.

"Tungekuwa tumeshaondoka," akasema, "ila alikataa katakata kunyanyuliwa mpaka kwanza niingie ndani nichomoe kompyuta. Anasema, 'Mwanangu ameihangaikia sana ile, radi isije ikaichoma.'"