Therese na wimbo wa mwisho wa upande B

Saa mbili asubuhi, duka la kaseti la Seif Abdulatifu mjini Kayanga halijapata mteja. Therese Mukashema ameinamia redio, kalamu ya kurudishia utepe mkononi.

"Hapana," anasema. "Hapana jamani!"

Kazi yake, mwaka huu wa 1996, sijaikuta kwingine. Anasikiliza kaseti za Kizungu kabla hazijauzwa, kisha anaandika kwenye kasha: "Nyumbani" au "Vijana tu". Kiingereza alikipata shuleni Uganda, kabla familia yake, wakulima wenye asili ya Rwanda, haijafukuzwa na kuvukia huku Karagwe mwaka 1982. Seif humlipa shilingi mia mbili kwa kaseti.

"Wateja wangu ni watu wa kanisani na msikitini," anasema Seif. "Dada Therese akishaandika nyumbani, wananunua bila hata kusikiliza."

Mwezi uliopita ilikuja albamu ya roki ambayo magitaa yake yanakoroma kama mashine ya kukoboa kahawa. Therese alivumilia, akakuta maneno ni ya mvua na safari tu. Upande wa pili betri zikalegea, maneno yakawa hayasikiki vizuri. Wimbo wa mwisho ulikuwa mpole, kinanda na sauti ya chini, naye akauamini kwa utamu wake. Akaandika "Nyumbani".

Jana Jovitha Byabato, mkulima wa Ihembe, alikuja kuomba aandikiwe maneno ya wimbo huo. Mwanawe wa miaka saba anauimba kila jioni. Leo Therese ameweka betri mpya, ameusikiliza mara tatu. Ni kijana aliyekunywa sumu, anamuaga mama yake, anaomba asiamshwe kesho.

Jovitha anaingia. Akishaambiwa, anashika kichwa.

"Mawe, mama yangu! Mtoto kaniuliza maana yake, nikamwambia ni sala ya kulalia. Si wewe uliyeandika 'Nyumbani'?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Kaseti kumi na moja zimeshauzwa, kutoka Nyakakika hadi Kituntu. Seif anataka zibadilishwe kimyakimya, duka lisiharibikiwe jina. Therese anakataa katakata: atakwenda nyumba kwa nyumba, hata kama kazi itaota mbawa.

"Jumapili naanzia kwako," anamwambia Jovitha. "Nitamwambia mtoto mwenyewe kwamba nilikosea."

"Na akikuuliza kama yule kijana aliamka?"

Therese anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nitamwambia wimbo hausemi. Halafu nitamwomba tumwombee yule kijana na mama yake."