Ratiba Waliyoiomba Wazazi

Ijumaa ya pili ya Februari, saa nane mchana, wazazi wa darasa la saba walikuja shuleni kwetu Matogoro na ombi moja: vipindi vya ngoma, ushonaji na uchoraji vifutwe, nafasi yake ichukuliwe na hisabati, Kiingereza na sayansi hadi siku ya mtihani wa taifa. Dini waliiacha. Sista, mkuu wetu wa shule, alikuwa ameketi mbele yao.

Mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Ratiba ile niliipanga kwa mkono wangu, na kila kipindi nilikiwekea sababu. Nilisoma ukubwani, jioni, baada ya jembe, nikafundishwa yale ya mtihani peke yake. Nilifaulu, na ninajivunia. Lakini sikuweza kuchora hata kikombe kikafanana na kikombe, na sikutaka watoto wale wafaulu namna yangu.

Msemaji wa wazazi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mjimwema, mtu wa kuja, mwenye sauti ya kunadi. Alinipa shikamoo yangu kwanza, kisha akauliza kama ngoma ya lizombe huulizwa kwenye mtihani. Nikajibu kwamba haiulizwi. Wakacheka, nami nikacheka nao. Sista akasema atakubali ombi lao iwapo mimi sina la kusema. Nilikuwa nalo. Waje Jumamosi ya kwanza ya Machi, wasome kutwa nzima kwa ratiba waliyoitaka. Wakivumilia mpaka kengele ya mwisho, vipindi vile nitavifuta mwenyewe.

Walikuja, wakajibana kwenye madawati ya watoto wao. Nilivaa saa ya marehemu mume wangu, ambayo haijapata kunidanganya, nikagonga kengele. Kipindi cha hisabati kilichangamka. Katika kilichofuata, hisabati tena, mama mmoja aliomba ruhusa ya kwenda chooni na akakawia huko. Kikaja Kiingereza, ikaja sayansi, kisha hisabati ikarudi. Baba mmoja akaanza kukoroma, na jirani yake akamshitaki kama wafanyavyo wanafunzi: "Mwalimu, huyu analala."

Uwanjani watoto wao walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma ya kupelekea vipaji altareni kwenye misa ya mtakatifu aliye somo wa parokia. Nikamwona yule msemaji amegeuza shingo dirishani, mguu wake ukifuata mapigo chini ya dawati. Nikamwita ubaoni. Hakuinuka.

"Mama mwalimu," alisema kwa adabu kubwa, "tunatoka saa ngapi?"

"Baada ya Kiingereza kuna sayansi. Baada ya sayansi nitakwambia."

Akawatazama wenzake. Hakuna aliyemtetea. Akaweka kalamu chini.

"Basi waachie ngoma yao. Na sisi utufungulie."

Sista, aliyekuwa amekaa nyuma muda wote, alijifunika uso kwa kitambaa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Niligonga kengele, na wazazi wakatoka mbio kuliko darasa lolote nililopata kufundisha.

Jumatatu iliyofuata lilifika furushi la vipande vya vitenge kwa ajili ya ushonaji. Ratiba ikabaki ukutani kama nilivyoipanga. Kilichobadilika ni kwamba kila Alhamisi, kipindi cha uchoraji, Sista ameniruhusu nikae dawati la nyuma na kalamu yangu. Kikombe changu watoto wameanza kukitambua, ingawa wawili watatu bado wanashikilia kwamba ni ndoo.