Binti wa Kengele Dukani kwa Lalji

Kufikia Jumamosi ya pili ya Julai 1994, Mwahija alikuwa ameuza kengele kumi na nne, pampu sita na mipira ya ndani asiyokumbuka idadi yake. Baiskeli hakuwa ameuza hata moja. Mzee Lalji alimchukua kwa majaribio ya wiki mbili katika duka lake la baiskeli mjini Shinyanga, kwa sharti fupi: auze baiskeli moja, au arudi Mwadui kwa wazazi wake. Wiki hizo zilikuwa zinaisha jioni hiyo.

"Binti wa kengele," Stanslaus alimtania huku akikaza spoku. Alikuwa fundi na muuzaji wa siku nyingi hapo dukani. "Ukirudi Mwadui nitakupa moja uipige njiani."

"Jifungie wewe hiyo kengele, kaka, bosi asikie ukitoroka kwenda kunywa chai."

Ulikuwa msimu wa pamba. Wakulima waliokwisha kulipwa waliingia watatu watatu, mmoja mnunuzi, wengine washauri. Masele, mkulima wa upande wa Tinde, alikuwa amekuja kwa siku ya tatu mfululizo na kaka zake wawili. Waligonga rimu, wakainua baiskeli, wakazungusha gurudumu na kutega sikio. Mwahija akasema aliyofundishwa: fremu ngumu, inabeba magunia mawili. Masele akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kidogo, akarudi.

"Rangi hii inaonyesha vumbi," akasema. "Tutarudi."

Juzi ilikuwa kengele. Jana, breki. Mwahija akatambua kwamba kila sababu mpya ilitoka kule nje. Akachungulia. Barazani alikaa mwanamke mwenye kikapu miguuni. Siku zote tatu hakuna aliyemkaribisha, Mwahija mwenyewe akiwamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona huingii ndani?"

"Nifuate nini? Baiskeli ni ya mume wangu, Baba Kabula."

"Na wewe utakwendaje mnadani?"

Mama Kabula akacheka. "Nyuma, kwenye keria. Mwaka jana shemeji alinibeba kwenye ya kwake kutoka Tinde. Nilishuka natembea kama bata. Siku mbili nilikula nimesimama."

Mwahija akamshika mkono, akamwingiza. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa: NI MARUFUKU KUPANDA BAISKELI KABLA YA KULIPIA. Lalji aliwahi kumfukuza mteja kwa kosa hilo, kwa madai kwamba keria iliyopinda haiuziki. Sasa alikuwa mezani, miwani puani, anatazama. Mwahija aliona wazi kwamba akinyamaza ataondoka jioni, na akivunja sheria huenda akaondoka sasa hivi.

"Kaka Stanslaus, shika usukani. Mama, kaa."

"Wewe binti!" Lalji akainuka.

"Mzee, Baba Kabula atakanyaga pedeli tu. Anayekalia chuma ni huyu."

Lalji akabaki amesimama. Mama Kabula akakaa upande, akakunja uso.

"Nyembamba. Na miguu naiweka wapi?"

Akashuka, akapita kwenye safu ya baiskeli akipima keria kwa kiganja, hadi kwenye ile ya kijani iliyokuwa ya mwisho. Keria yake ilikuwa pana. Stanslaus akafunga vyuma viwili vya kukanyagia. Mwahija akakunja gunia tupu, akalikaza juu yake kwa mpira. Mama Kabula akakaa tena, akajitikisa mara mbili.

"Hii."

"Na rangi?" Masele akauliza.

"Rangi nitaikalia?"

Kaka zake wakaangua kicheko. Masele akafungua fundo la noti.

Jioni Lalji hakutaja keria wala sheria. Alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha.

"Jumatatu uje saa moja na nusu," akasema. "Si saa mbili."

Jumatatu karatasi ilikuwa pale pale ukutani. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, Lalji alikuwa ameongeza: KERIA RUHUSA. Mwahija akachukua kitambaa, akaanza kufuta keria, moja baada ya nyingine.